Kiti cha Namba Nane

Sehemu ya kumi na moja

Wino ulikuwa bado mbichi. Hilo ndilo lililomtisha Kocha Ban Hyo-sim kuliko yote.

Tulimwacha amesimama mbele ya meza ya makarani, uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu wa Gangneung umejaa pomoni, karatasi ya kikosi iko mbele yake. Angeweza kusema ni mzaha wa mtu. Angeweza kusema Tak, msaidizi wake, kaleta karatasi ya mwaka jana. Lakini mwandiko ulikuwa wake. Majina matano ya kuanza mechi, ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe, na la tano lilisema: 8, Gil Se-ryeong.

Se-ryeong alizikwa mwaka jana mwezi kama huu, theluji ikianguka.

"Kocha," karani alinong'ona. Alikuwa binti mwenye miwani, na uso wake ulikuwa umepauka kama tofu. "Huyu... huyu si ndiye yule..."

"Nimekosea."

"Zimebaki dakika kumi za kupokea karatasi, Kocha. Zikipita hizo, mimi siruhusiwi."

"Si nimesema nimekosea? Lete hapa!"

Kalamu ikamponyoka, ikabingiria chini ya meza. Hyo-sim akanyakua nyingine iliyokuwa karibu, akalikata jina la marehemu kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika mbio mbio jina la mwenye zamu: Eom Da-bin.

Karani akaziba mdomo kwa kiganja.

Hyo-sim akatazama chini. Jina la Da-bin lilikuwa jekundu.

Ilikuwa kalamu ya karani, ile anayoandikia pointi za robo ya kwanza na ya tatu. Miaka ishirini na miwili Hyo-sim ameiona ikikaa pale mezani, hajapata kuigusa. Kwa wino mwekundu huandikwa jina la aliyekufa. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua, na mama akimkuta mwanawe anaandika jina la dada yake kwa rangi nyekundu, humpiga mkono kwanza ndipo amuulize.

Amemtoa maiti mmoja kwenye karatasi, akamwingiza mwingine.

"Nipe karatasi nyingine."

"Hakuna nyingine, Kocha. Ishapigwa mhuri."

"Hee, Hyo-sim!" Sauti nzito ilitoka upande wa pili wa meza. Ni Kocha Pyo wa Tai wa Mokpo, tumbo mbele, amekuja kutia sahihi yake. "Mwanamke una haraka wewe! Leo unazika kabla ya msiba?"

"Tia sahihi uondoke, mzee."

"Natia, natia. Ila niambie basi. Huyo mtoto wako tumkabe, au tumpe rambirambi?"

Alicheka peke yake. Wenzake wote mezani walitazama viatu vyao.

"Si kitu, Kocha."

Hyo-sim aligeuka. Da-bin mwenyewe alikuwa nyuma yake, mfuko wa mipira begani. Miaka kumi na tisa, mdogo kuliko wote katika timu ya Misonobari. Ndiye abebaye mipira, ndiye wa kwanza kuamka bwenini na wa mwisho kuoga. Alikuwa ameliona jina lake, na bado alikuwa anatabasamu.

"Wino tu huo," alisema. "Mimi si huyu hapa?"

Lakini pembeni yake alikuwapo nahodha, Ma Ok-hui, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu kama mlango. Yeye hakutabasamu. Na kitu kimoja Hyo-sim alikiona siku ile, asikielewe mpaka jua lilipokaribia kuzama: Ok-hui hakuwa anatazama lile jina jekundu. Alikuwa anatazama lile lililokatwa.

* * *

Wiki iliyopita niliwatega: kipo kikombe, hujazwa na mwenye machozi, hukauka bila jua, na hakuna aliyemwona mnywaji. Wengi mmejibu ni mzimu. Mmoja kasema ni panya. Hamkupata, nipeni mji wangu. Lakini kaeni hapo hapo, maana jibu liko njiani.

Kwa asiyekuwapo wiki zile, kikombe chenyewe ni hiki. Mwisho wa benchi la Misonobari kuna kiti kimoja kisichokaliwa. Juu yake imetandikwa jezi namba nane. Kila mechi, kabla ya filimbi, mama yake Se-ryeong hushuka kutoka safu ya tatu na chupa ya chai ya shayiri, humimina kikombe kimoja, hukiweka chini ya kiti, huinamisha kichwa, hurudi kukaa. Hamsemeshi mtu. Kocha hajasemeshwa naye tangu siku ya mazishi.

Na kila mechi ikiisha, kikombe ni kikavu.

"Dada kanywa," wasichana hunong'onezana bwenini, na wenye roho nyepesi hulala wakiwa wameshikana mikono.

Hyo-sim alikuwa haamini mizimu. Mzimu wake yeye ulikuwa neno moja tu: naweza.

Mwaka jana hakuwa na mgawa mipira mwingine. Se-ryeong alicheza mechi nne mfululizo bila kupumzika hata dakika. Kila walipokusanyika, Hyo-sim alimuuliza mbele ya wote, "Unaweza?" Na Se-ryeong akajibu, "Naweza, Kocha." Baada ya msiba Hyo-sim aliitazama mechi ile ya mwisho kwenye kompyuta, akahesabu. Alimuuliza mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Se-ryeong hakujibu. Alikuwa ameanguka chini ya kikapu, mkono kifuani.

Tangu hapo Hyo-sim hubeba kidaftari mfukoni. Dakika za kila mchezaji zimo humo, na amejiapia mbele ya picha ya marehemu: hakuna mtoto wa watu atakayecheza zaidi ya dakika thelathini. Awe nani, iwe mechi gani.

Leo ni nusu fainali, mechi ya tatu, ya kukata mzizi wa fitina. Na jina la Da-bin ni jekundu.

* * *

Filimbi ikalia saa nane mchana.

Ah, Da-bin alicheza! Mtoto alikuwa anapita katikati ya Tai kama maji yapitavyo kwenye vidole. Pasi ya kwanza, Ok-hui akafunga. Ya pili, Ok-hui akafunga. Ya tatu aliitoa bila hata kutazama, na Kocha Pyo kule upande wa pili akairusha skafu yake chini.

"Mkabeni huyo!" alifoka. "Nyie mnamwogopa nini? Kweli mnadhani ni maiti?"

Dakika ya saba, Hyo-sim akainua mkono. Da-bin nje. Ndani akaingia Noh Bit-na, mgawa mipira wa pili.

"Mapema hivi?" Tak aliuliza. Tak Yun-gi ni mtu wa miaka hamsini, mnene, mwenye meno ya dhahabu na maneno mengi. "Mtoto yuko moto, Kocha. Chungu kikichemka hakiepuliwi."

"Kikiachwa kinaungua."

"Mh. Haya."

Hyo-sim akaandika kwenye kidaftari: Da-bin, saba.

Mpango ulikuwa mzuri. Da-bin saba, Bit-na tano, Da-bin nane, Bit-na tatu, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Lakini mpango wa binadamu ni kama pambo la theluji, hupendeza mpaka uliguse. Robo ya pili haijatimiza dakika mbili, Bit-na aliruka, akashukia mguu wa mtu. Kifundo kikapinda. Yowe lake lilisikika mpaka mlangoni.

Wakambeba.

Hyo-sim akatazama benchi lake. Warefu watano. Mdunguaji mmoja, hodari wa kufunga kwa mbali lakini asiyeweza kudundisha mpira hatua kumi bila kunyang'anywa. Kiti kitupu chenye jezi. Na Da-bin, ambaye alikuwa tayari amesimama, anavua koti.

"Naweza, Kocha."

Hata hakuwa ameulizwa.

* * *

Wakati wa mapumziko Tak alimbana kwenye korido.

"Tuongee kikubwa. Mgawa mipira tunaye mmoja. Kifundo cha Bit-na kimevimba kama embe. Da-bin amalize."

"Atapumzika dakika mbili mbili."

"Na hizo dakika mbili nani atashika mpira? Nivae kaptula mimi niingie?"

"Tak."

"Tukifungwa leo, Hyo-sim, mimi na wewe kesho tunauza ngisi bandarini. Mimi ninajua kupara samaki. Wewe je?"

Hyo-sim hakucheka. "Ulikuwapo mwaka jana," alisema.

Tak akavua miwani yake. Akaifuta, ingawa haikuwa na doa. "Nilikuwapo," alisema polepole. "Lakini yule alikuwa yule. Huyu ni huyu. Amepimwa kabla ya msimu, daktari kasema mzima. Utamweka mtoto mzima nje kwa ajili ya wino?"

Swali hilo lilimwingia kama mwiba, kwa sababu lilikuwa la haki.

Kweli, angefanya hivyo kwa ajili ya wino? Angewavunjia wasichana kumi na wawili msimu mzima, kwa sababu mkono wake mwenyewe ulishika kalamu isiyo yake?

"Haya," alisema. "Acheze."

* * *

Robo ya tatu Da-bin hakutoka kabisa. Misonobari walikuwa mbele kwa nne, wakawa nyuma kwa mbili, wakawa mbele kwa moja. Hyo-sim alikuwa haangalii ubao. Alikuwa anaangalia mkono wa Da-bin wa kulia.

Kila mchezo uliposimama, mkono ule ulipanda. Ukagusa chini ya bega la kushoto, ukapapasa kidogo, ukashuka haraka, kama mtu anayekumbuka kwamba anatazamwa.

Mara ya kwanza Hyo-sim alijiambia ni jasho. Mara ya pili alijiambia ni jezi inambana. Mara ya tatu aliinuka.

Akaomba muda. Wasichana wakamzunguka, wote wakihema.

"Da-bin. Unaweza?"

Wakubwa kumi waliokuwa wamesimama walimgeukia mdogo wao. Nahodha Ok-hui akamtupia taulo.

"Naweza, Kocha."

Jibu lilitoka papo hapo, kwa sauti ile ile, kwa heshima ile ile. Kwa kufumba na kufumbua Hyo-sim aliisikia sauti ya mtu mwingine, kutoka kwenye koo lililozikwa. Nywele za shingoni zikamsimama.

"Kasema anaweza," Ok-hui alisema. "Twendeni."

Wakaenda.

Robo ya nne. Dakika ya ishirini na nane ya Da-bin. Ya ishirini na tisa. Kidaftari kilikuwa mfukoni, kinamchoma paja kama kaa la moto. Thelathini ikafika. Misonobari 58, Tai 57. Hyo-sim alijua kwamba thelathini imefika, kama mtu anavyojua kuna mgeni mlangoni bila kusikia hodi. Akajifanya hakujua.

Thelathini na moja.

Zilipobaki dakika tatu na sekunde hamsini na mbili, Kocha Pyo aliomba muda.

Hyo-sim alichuchumaa na kibao chake, akaanza kuchora. "Sikilizeni. Watatubana katikati ya uwanja. Ok-hui, wewe—"

Aliinua macho. Na damu ikamsimama.

Mwisho kabisa wa benchi, mtu alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha namba nane. Mgongo mwembamba, shingo iliyolowa, nywele zimefungwa kwa utepe mweusi. Huyo alikuwa Se-ryeong mtupu! Mkono ukapita chini ya kiti. Kikombe kikatoka.

Kalamu ikakoma juu ya kibao.

Kisha mtu yule akageuza uso nusu, akachomoa kitu kidogo cheupe kwenye soksi, akakitia mdomoni, akaigugumia chai ya shayiri mpaka tone la mwisho. Akakirudisha kikombe mahali pake. Kikavu.

Alikuwa Da-bin.

Basi jibu la kitendawili ndilo hilo, na afadhali lingekuwa mzimu. Mzimu hauhitaji vidonge. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humuumbua. Msimu mzima mtoto huyu alikuwa anayaficha yake chini ya kiti cha marehemu, mahali ambapo alijua hakuna mtu angethubutu kutazama.

King'ora cha mezani kikalia. Muda umekwisha.

"Da-bin," Hyo-sim alisema. "Kaa chini."

"Naweza, Kocha!"

"Sijakuuliza."

Tak akadakia, "Kocha, usifanye—"

"Ingiza mrefu yeyote. Ok-hui atapandisha mpira."

"Ok-hui? Miaka kumi na minne yuko chini ya kikapu! Hajawahi hata kuuvusha mpira mstari wa kati!"

"Leo atavusha. Simama hapa mahali pangu uongoze, na muite daktari wa uwanja."

Uwanja ukalipuka. Walipoona mtoto wao amekalishwa, watu elfu tatu wa Gangneung walizomea kwa sauti moja. Mtu akarusha kopo la kahawa. "Kocha kichaa! Unatuuza!" Kule upande wa pili, Kocha Pyo alikuwa anapiga makofi kwa mikono miwili, amekunjua uso kama mtu aliyeletewa chakula.

Da-bin alipiga hatua moja kuelekea benchi. Ya pili. Ya tatu haikufika. Akaketi ghafla kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, na kiti kilichokuwa karibu naye kilikuwa cha namba nane.

Alikalia jezi.

Benchi zima likashika pumzi. Kule safu ya tatu, mama yake Se-ryeong akasimama.

* * *

Hyo-sim akapiga goti.

Hilo nalo watu walilizungumza baadaye sokoni na bandarini: kocha mkuu, mwanamke wa miaka hamsini na sita, kampigia goti mtoto wa mwisho. Aliwaambia wengine wote, "Geukeni. Tazameni mechi." Wakageuka. Ukawa ukuta wa migongo, na nyuma ya ukuta huo wakabaki wawili tu.

"Vidonge gani hivyo?"

"Vya duka la dawa, Kocha. Vya kifua."

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

"Na chai ya watu?"

Da-bin alitazama sakafu. "Maji ya wote yako kwenye chombo mbele ya wote. Wangeniona ninameza. Huku haji mtu." Akameza mate. "Huwa ninamwomba ruhusa kwanza. Dada Se-ryeong alikuwa hanikatalii kitu."

Hyo-sim alitaka kumuuliza lile swali. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, limezoea njia. Unaweza? Ndipo akaelewa, hapo hapo, amepiga goti na uwanja mzima unamzomea, kwamba swali lile halikuwa swali. Mbele ya wakubwa lina jibu moja tu. Mara kumi na moja alikuwa amempitisha Se-ryeong kwenye mlango wenye njia moja, halafu akashangaa kwa nini alitokea upande ule ule.

"Da-bin. Ungekuwa wewe ndiye kocha, na mimi ndiye niliyekaa hapo na kifua hiki. Ungeniacha uwanjani?"

Da-bin akaushika mkono wa koti la Kocha.

"Nisingekuacha."

"Basi niambie."

"Siwezi, Kocha." Ilitoka ndogo, kama kifaranga kinachotoboa yai. "Siwezi. Tangu robo ya pili siwezi. Kifua kinaruka, kinasimama, kinaruka."

Neno hilo lilikuwa halijapata kutamkwa kwenye benchi la Misonobari. Hyo-sim alilisikia, akahisi mwili mzima unalegea, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Daktari alifika na mkoba. Akashika mkono, akaweka chombo kifuani, akasikiliza. Hakusikiliza sana.

"Hospitali," alisema. "Sasa hivi. Gari liko nje."

"Kama ningemwacha amalize mechi—" Hyo-sim alianza.

"Kocha," daktari alisema, "sidhani kama angemaliza."

Wakataka kumwinua. Nje ya ukuta wa migongo uwanja ulipiga ukelele. Tai wamefunga. 63 kwa 64. Tak alikuwa anapiga kelele mpaka sauti imekauka.

Lakini Da-bin hakuinuka. Alikuwa ameshika mkono wa koti la Kocha, na vidole vyake vilikuwa baridi kama barafu ya mlangoni.

"Kuna lingine, Kocha."

"Utaniambia hospitali."

"Hapana. Nikifa njiani nitakuwa sijasema. Jina langu umeshaliandika jekundu." Alisema bila lawama, kama anayetaja saa. "Siku ile ya mwaka jana. Kabla ya mechi. Dada Se-ryeong hakuweza. Alikuwa amekaa chooni, jasho linamtoka. Akanituma. Akasema, nenda kamwambie Kocha asiniandike leo."

Kelele zote za uwanja zikafifia masikioni mwa Hyo-sim.

"Hukuja," alisema.

"Nilikuja! Nilifika mpaka mlangoni kwako. Dada Ok-hui alikuwa amesimama pale. Akaniuliza, unataka nini? Nikamwambia. Akasema, mdogo hapiti juu ya kichwa cha mkubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Rudi ndani, nitamwambia mwenyewe." Machozi yalikuwa yanamdondokea juu ya jezi namba nane. "Nikarudi. Nikajua amekwambia. Mwaka mzima nilijua amekwambia, na wewe ukamweka hivyo hivyo. Nikawa nakuogopa, Kocha. Ndiyo maana sikusema la kwangu."

Hyo-sim alifumba macho.

Alikuwa anakumbuka. Karatasi mezani, kalamu mkononi, kisanduku cha tano kitupu, maana asubuhi ile alikuwa ameona jinsi Se-ryeong alivyopauka, na alikuwa anasitasita. Mlango ukafunguliwa. Nahodha wake, mtu aliyemwamini kuliko mkono wake wa kulia, akaingiza kichwa. Akasema maneno matano. Hyo-sim hakuyasahau, kwa vile ndiyo yaliyoushusha mkono wake kwenye karatasi.

*Se-ryeong anasema yuko tayari, Kocha.*

Akaandika nane.

Mwaka mzima mkono ule ulikuwa unajaribu kumwonyesha ulikokosea, na leo ukaliandika tena jina lile lile.

"Kocha!" Tak alikuwa anamtikisa bega. "Kocha, amka! Tumepata! Sekunde tisa, wamemfanyia Ok-hui madhambi, mitupo miwili! Akifunga yote tumeingia fainali!"

Ukuta wa migongo ukafunguka.

Ma Ok-hui alikuwa amesimama kwenye mstari wa mtupo, peke yake, mpira mikononi. Watu elfu tatu walinyamaza kwa ajili yake. Mwamuzi alikuwa ameshampa mpira na ameanza kuhesabu kwa mkono, maana mtupaji hupewa sekunde tano tu.

Moja.

Ok-hui hakutazama kikapu. Alitazama benchi.

Mbili.

Alimwona Da-bin, amekaa juu ya namba nane, analia, ameshika koti la Kocha. Alimwona Kocha, goti moja chini, anamtazama. Hakuna neno lililovuka sakafu ile. Lakini rangi ilimtoka nahodha usoni, ikashuka shingoni, na mpira ukashuka mpaka kiunoni.

Tatu.

Kivuli kilianguka begani kwa Hyo-sim. Akanusa chai ya shayiri. Mama yake Se-ryeong alikuwa ameshuka ngazi, yuko nyuma yake hatua moja, chupa imekumbatiwa kifuani. Ameshuka saa ngapi? Amesikia mangapi?

"Kocha Ban," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Huyo aliyekuwa mlangoni. Ndiye yupi kati ya hawa?"

Nne.